Kigingi Nilichokishusha

Juzi nilikuwa kwa kinyozi hapa Komarock, nywele zenyewe zimebaki za kuhesabu, Brayo akaacha kuninyoa katikati ili abishane na mteja aliyekuwa akingoja zamu. Yule mteja alikuwa amesema China ndiyo bosi wa dunia sasa na wale wa zamani wamebaki kupiga kelele. Brayo akasema wacha wewe, Wachina wametununua, hivi karibuni hata ugali tutakula kwa vijiti. Kisha akanigeukia, mashine ikinguruma hewani. "Mzee Wafula, si wewe umefanya kazi na hao watu miaka mingi? Mwambie huyu. Tumenunuliwa ama hatujanunuliwa?"

Nikamwambia amalize kichwa kwanza, maana sikutaka kutoka pale nimenyolewa upande mmoja. Lakini swali lake nilienda nalo nyumbani, likanisumbua, na ndiyo maana nawaandikia nyinyi vijana, Brayo na wenzake, mnaopenda kubishana mambo ya dunia. Mambo ya marais na mikutano yao siyajui. Mimi nilikuwa opereta wa greda, ule mtambo mrefu wenye bledi ya chuma tumboni, unaosawazisha barabara. Miaka thelathini na moja. Nimestaafu nikiwa na vidole kumi na mgongo unaopinda ninapotaka, na kila asubuhi namshukuru Mungu kwa vyote viwili.

Mabadiliko ya dunia mimi niliyaona kwenye ubao wa mradi unaosimamishwa kando ya barabara. Bendera zilikuwa zikibadilika pale. Nilipoanza ilikuwa kampuni ya Waingereza: filimbi asubuhi, filimbi ya chai, filimbi jioni, na kati ya filimbi na filimbi hakuna aliyejua jina lako. Wakaja Waitaliano, na bosi wetu kati yao alikuwa akikutukana saa tatu, saa tano anakukumbatia. Wakaja Wajapani, hao wakatupanga mistari asubuhi tunyooshe viungo kabla ya kazi, sisi watu wazima na vitambi vyetu. Mwisho wakaja Wachina, na nikawa nao mpaka nikarudisha helmeti yangu.

Sisemi walikuwa malaika. Kupiga kelele walipiga, na kupumzika hawakujua. Siku moja niliomba ruhusa ya Jumapili niende kanisani, nyapara wao mmoja akaniuliza kama Mungu wangu hawezi kungoja mpaka Jumatatu. Nilikasirika siku nzima. Lakini walilala palepale saiti, kwenye vyumba vya mabati, walipanda mboga zao nyuma ya kontena, na kazi ikizidi hata injinia alishika beleshi akachimba na vibarua. Injinia na beleshi! Hilo sikuwa nimeliona tangu nizaliwe.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Mutiso, Mkamba mfupi mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto, opereta tangu enzi za Waingereza. Nilianza kwa kumpakia mtambo grisi. Siku aliyonikalisha kitini mara ya kwanza alinifunga macho kwa leso, akaiendesha greda yeye mwenyewe akiwa amesimama kando yangu, na kila hatua chache ananiuliza, "Tumeinama upande gani?" Nikikosea ananipiga kofi la kichwa. "Greda haiendeshwi kwa mikono, Wafula. Inaendeshwa kwa makalio. Mikono inafuata tu." Mnacheka? Chekeni, lakini ni kweli tupu. Ukikaa vizuri, kiti kinakuambia ardhi imeinuka wapi kabla macho hayajaona. Hata leo, mtambo wowote mtakaopewa, hata kama una kompyuta ndani, kaeni kwanza mtulie msikie unawaambia nini mwilini.

Hilo la kwanza alilonifundisha limenilisha maisha yangu yote. La pili ndilo karibu linizike.

Mutiso alisema hivi: ukiona injinia amekosea, nyamaza. Hakuna bosi anayetaka kusikia makosa yake kutoka kwa mtu mwenye grisi kwenye kola. Wewe tengeneza kimyakimya. Kigingi cha kipimo, kile kijiti kinachoonyesha barabara itafika kimo gani, kikiwa juu sana, kipige nyundo kidogo kishuke, ukate udongo, uende nyumbani. Injinia atasifiwa, nawe utalala usingizi wako. Jambo hilo tuliliita "kusaidia", na opereta wote wa rika letu walisaidia. Zamani hakukuwa na matata, kwa sababu vikishapigiliwa vigingi hakuna aliyerudi kupima. Mzungu alisimama kando ya barabara, akafumba jicho moja, akasema safi.

Sasa niwaeleze huyo injinia wetu. Alikuwa anaitwa Liu, kijana wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, miwani imefungwa kamba shingoni. Kiswahili chake alikiokota saiti kama vile sisi tulivyookota Kichina chetu cha maneno matano. Greda yao ya kwanza niliyopewa ilikuwa na vibandiko vya Kichina kwenye kila kifimbo na kila kitufe. Siku ya kwanza nikabonyeza nilichodhani ni honi, kumbe nimewasha waipa, zinafagia kioo jua linawaka, vibarua wanashika mbavu. Jioni nikachukua plasta ile ya kidonda, nikakatakata vipande, nikabandika na kuandika kwa kalamu: JUU, CHINI, HII USIGUSE. Kesho yake Liu akapanda kwenye kebini, akaziona. Nikajua nimekwisha. Yeye akatoa simu akazipiga picha, akacheka, na wiki hiyo magreda yote ya saiti yakabandikwa plasta. Hapo ndipo ningepaswa kujua ni mtu wa namna gani. Lakini mimi nilikuwa na Mutiso kichwani.

Barabara yenyewe ilikuwa ya mtaani, inayotoka upande wa Kariobangi ikielekea Baba Dogo. Jina siliandiki, wenyewe mnaipita kila siku. Kando yake mke wangu, Mama Nekesa, ana chekechea. Chumba kimoja cha mabati, sakafu ya simiti aliyoisugua mwenyewe mpaka ikang'aa, na watoto ishirini na kitu, wa akina mama wanaouza sokoni na akina baba vibarua wa viwandani. Alikianzisha tukiwa bado tunaishi Kariobangi na hajakiacha mpaka leo. Kile chumba ndicho roho yake. Nilimwoa akiwa na ndoto hiyo, na nikaona jinsi alivyoijenga bati kwa bati.

Siku vigingi vilipofika mbele ya chumba hicho, mimi nikiwa juu kwenye kebini, nilisimamisha mtambo. Vichwa vya vigingi vilikuwa juu ya kizingiti cha mlango wake. Juu kabisa. Maana yake barabara ikiisha, mlango wa Mama Nekesa utakuwa chini yake, na mvua ya kwanza ya masika itateremka kutoka barabarani iingie moja kwa moja ndani, kwenye mikeka walikokaa watoto wa watu. Na mvua ya Nairobi mnaijua, haibishi hodi.

Yeye mwenyewe alikuwa ameshaona. Jioni aliniuliza, "Baba Nekesa, hiyo barabara yenu mbona inaumuka kama mandazi? Maji yataenda wapi? Si uongee na huyo Mchina wako?"

"Wewe tulia," nikamwambia. "Nitashughulikia."

Nikashughulikia kwa njia niliyoijua. Saa ya chakula, watu wa vipimo wakiwa wanakula kwenye kivuli cha kontena, nilichukua nyundo nikashusha vigingi kumi na viwili, kila kimoja shubiri nzima, kuanzia duka la mkaa la jirani mpaka kupita chekechea. Mchana nikaukata udongo mpaka usawa huo, taratibu, nikalainisha ncha zote mbili usiweze kuona panapoanzia. Kazi safi, nyie! Mutiso angenisifu. Nyumbani nikamwambia Mama Nekesa mambo yameisha, akanichinjia kuku, na jinsi sisi Wabukusu tunavyopenda kuku sina haja ya kuwaambia. Nilimla mpaka firigisi. Kuku yule nilimla bila haki.

Siku mbili baadaye Liu akaja na chombo chake cha miguu mitatu. Kumbe hawa hupima kila tabaka kabla ya kumwaga lingine. Mimi sikujua, au tuseme nilijua na sikutaka kufikiria. Akapima, akaandika, akapima tena. Kisha akaita, "Wanjiku!"

Wanjiku alikuwa msaidizi wa sarveya, binti wa Dandora aliyetoka chuoni juzijuzi, na ndiye aliyepigilia vigingi vya sehemu ile. Alikuwa na miezi minne kazini. Mwanamke wa kwanza kushika kile chombo kwenye saiti yetu, na walikuwepo wanaume waliokuwa wakingoja akosee ili wapumue.

"Hapa chini," Liu akamwambia. "Hapa pia chini. Kazi yako hapana sawa."

"Injinia, nilipima mara mbili. Nimeandika hata kwenye kitabu."

"Chombo hapana danganya." Akamwambia arudishe helmeti na jaketi stoo kabla ya saa kumi, asije kesho.

Mimi nilikuwa kwenye kebini, injini inanguruma, nasikia kila neno. Nikamwona Wanjiku akienda nyuma ya kontena. Akachuchumaa kwenye zile mboga za Wachina, akafunika uso kwa helmeti. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Na vijana, sitawadanganya, nilikaa pale juu dakika nzima nikitafuta jinsi ya kutosema. Nilijiambia atapata kazi kwingine, bado mdogo. Nilijiambia mimi nina umri, nikifukuzwa nani ataniajiri? Nilijiambia ya Mutiso yote. Kisha nikamwona mmoja wa wale wanaume anamcheka waziwazi, na aibu ikanipanda kutoka miguuni mpaka masikioni. Nikazima injini.

"Injinia," nikamwita. "Vigingi vya huyu msichana vilikuwa sawa. Ni mimi nilivishusha. Kwa nyundo."

Wanjiku akainua kichwa. "Mzee Wafula? Ni wewe?" Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Liu akaniuliza, "Kwa nini?"

Basi nikafunguka. Nikamwonyesha kizingiti, nikamwambia kuhusu watoto, mvua, mke wangu. Sauti ikanipanda. Nikamwambia nyinyi mmekuja na mitambo mikubwa na vipimo vyenu, mnajenga juu ya vichwa vya watu, na watu hamsikii. "Hamsikii!" nikarudia, nikajipiga kifua.

Akaniuliza, polepole, "Wewe sema lini?"

Sikuwa nimesema. Si jana, si juzi, si siku moja tangu tujuane. Miaka yangu yote kazini sikuwahi kumwambia bosi wa rangi yoyote kwamba kigingi chake kimekosea.

Halafu akafanya jambo ambalo sitalisahau. Alikuwa na chupa yake ya chai, ile wanayotembea nayo kutwa. Akachuchumaa, akalaza mchanga kwa kiganja ukawa kama barabara inayoteremka, akabonyeza kisigino chake katikati pakawa na kishimo kidogo, akamimina chai kutoka juu. Chai ikateremka vizuri, ikafika kwenye kishimo, ikasimama. Ikajaa. Ikamwagikia kando.

"Barabara yote inateremka kuja hapa," akasema. "Wewe umechimba bakuli." Akaweka kidole pale chai ilipomwagikia. "Hapa mke yako."

Woi! Nikakaa kwenye gurudumu la greda. Ningenyamaza, na wao wasingepima, maji ya barabara nzima yangekusanyika mbele ya mlango mmoja tu katika Kariobangi yote, na mlango huo ni wa Mama Nekesa. Ningewazamisha wale watoto kwa nyundo yangu mwenyewe, na kuku juu yake nimekula. Kwa mara ya kwanza nilifurahi kwamba kuna mtu aliyepima kazi yangu.

Lakini bado kizingiti kilikuwa chini, na Liu alitaka kuona kwa macho. Nikamwambia angoje. Hapa nawapa ujuzi mwingine, na huu hauhitaji betri. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, urefu wa mita kama kumi, ujaze maji, uhakikishe hakuna kiputo cha hewa hata kimoja. Wewe shika ncha moja, mwenzako ncha nyingine. Maji yatalala usawa mmoja pande zote mbili, hata kama kati yenu kuna ukuta. Mafundi wa nyumba wote wanaujua, na maji hayana upande yanaoupendelea. Mama Nekesa akashika ncha mlangoni, uso umemkunjamana, maana alikuwa ameshaambiwa habari za nyundo. Liu akashika ncha kwenye kigingi cha kweli, kile Wanjiku alichopigilia upya. Barabara ingekuwa juu ya sakafu yake kwa urefu wa kutoka ncha ya kidole changu mpaka kwenye kiwiko.

Liu akafungua ramani juu ya boneti ya gari. Pale penye chekechea, duka la mkaa na nyumba sita za majirani, karatasi ilikuwa nyeupe. Hakuna kitu. Iliyoichora ilikuwa ofisi ya washauri ng'ambo, nchi nyingine kabisa, si kwetu wala si kwao Liu. Mkopo ulitoka pengine, mchoro pengine, mtambo pengine, na matope yalikuwa yetu.

"Basi badilisha," nikamwambia. "Si wewe ndiye bosi?"

Akacheka kicheko kisicho na furaha. Akanionyesha kigingi cha kwanza, akanionyesha cha mwisho. "Mimi bosi kutoka hapa, mpaka pale." Kubadilisha kitu chochote lazima aandike barua, iende kwa kampuni yake, iende kwa washauri, iende serikalini kwetu, irudi. Na yeye angoje kama mimi.

Brayo, nikifikiria swali lako, hiyo ndiyo siku ninayoikumbuka. Mimi nilidhani nchi kubwa ikija inakuja kama mtu mmoja mwenye mabavu, anajua yote na hasikii. Kumbe aliyekuja kwangu alikuwa Liu, kijana aliyemwacha mama yake mbali, mwenye bosi mkali kuliko wangu, na karatasi nyeupe pale penye mke wangu. Msinione nimeleweshwa chai ya Mchina. Mikataba ya nchi isomwe, kila mstari, na isomwe na nyinyi mliosoma kuliko sisi, na palipo na hila mpige kelele. Lakini mkikaa kwa kinyozi mkangoja mgeni ajue kizingiti chenu kiko chini, na hakuna hata mmoja aliyemwambia, mtangoja mpaka maji yafike magotini.

Barua ikaandikwa usiku huohuo, na picha ya Mama Nekesa ameshika mpira, amenuna, ikabandikwa ndani. Wanjiku alikuwa amesharudishiwa kazi yake mbele ya watu wote, Liu akamwambia "samahani" kwa Kiswahili kilichonyooka. Mimi nikanyang'anywa greda. Nilipewa lori la maji, lile la kunyunyizia vumbi, mimi opereta mkuu, napita nikimwagilia barabara kama mtunza maua. Wanjiku akaniona siku ya kwanza akapaza sauti, "Mzee wangu, ukitaka kushusha kigingi tena niambie nije nikushikie nyundo!" Saiti yote ikaangua kicheko. Nikacheka na mimi. Alikuwa na haki.

Nyumbani hakukuwa na kicheko. Wiki zilipita, jibu halikuja, sehemu yetu ikaachwa wazi, tifutifu tupu, na kila jioni Mama Nekesa anatoka mlangoni kutazama mawingu upande wa Ngong. Alinipikia sukuma wiki mfululizo. Nilipouliza kuhusu kuku alisema kuku wamesikia habari zangu wakahama. Lakini nilimjua. Kila jioni kabla ya kufunga darasa alipanga vitabu vya watoto juu ya kabati, vyote, kisha asubuhi anavishusha tena. Mawingu yakawa mazito. Kila nilipomwona Liu nilimuuliza kwa macho tu, na yeye akatikisa kichwa.

Jibu lilikuja siku ya Jumatano. Niliwaona Liu na Wanjiku wanakimbia kuelekea lori langu, injinia ameinua simu juu kama mtu anayetafuta mtandao. Wamekubali! Barabara haitashushwa, ila kutajengwa mtaro wa simiti mbele ya zile nyumba, na kalvati ya kupitisha maji chini ya barabara mpaka mtoni. Nilishuka kwenye lori nikamkumbatia yule kijana kwa nguvu mpaka miwani ikamwanguka. Walichimba siku tisa, mchana kutwa. Mabomba makubwa ya kalvati yakalazwa, simiti ikamwagwa, na Liu mwenyewe akawa na beleshi mkononi kila nilipopita na maji yangu. Siku ya kumi asubuhi simiti ilikuwa bado inapiga weupe ikikauka.

Mvua ilianza saa nane mchana siku ya kumi na mbili.

Nilikuwa mwisho wa saiti, mbali. Haikuanza kwa matone, ilianguka tu kwa pamoja, mpaka kioo cha lori hakionyeshi kitu. Nikaliacha lori palepale nikakimbia. Mimi na umri wangu, buti zimejaa maji, najikwaa, namwomba Mungu kwa Kibukusu na Kiswahili na lugha yoyote anayoisikia. Watoto walikuwa bado ndani, mama zao wako sokoni. Barabara ilikuwa imegeuka mto mwekundu unaoteremka, na wote ulikuwa unaelekea kule.

Nilipofika, Liu alikuwa ametangulia. Alikuwa amelala kifudifudi kwenye ukingo wa mtaro, miguu mitupu, mkono mzima umezama kwenye mdomo wa kalvati. Takataka za soko zilikuwa zimeziba: magunia, majani ya kabeji, machupa ya plastiki. Maji yalikuwa yamejaa mtaro, yanapanda, yamebakisha vidole viwili kufika kwenye kizingiti. Mlangoni Mama Nekesa amesimama na ufagio mikononi kama mlinzi wa benki, nyuma yake watoto wamesimamishwa juu ya meza, wanaimba, kwa sababu aliwaambia waimbe. Nikajitupa chini kando ya Liu, nikaingiza mkono wangu pamoja na wake, nikashika gunia, tukavuta. Halikuja. Tukavuta tena, yeye anapiga kelele kwa Kichina na mimi kwa Kibukusu. Likatoka kwa ghafla, tukaanguka chali wote wawili kwenye matope.

Na maji yakaenda. Mlio wake ndani ya kalvati bado naujua, kama mtu mkubwa anakunywa uji. Mtaro ukashuka kidole, ukashuka shubiri, na mvua inaendelea kunyesha vilevile na yote inapita, inapita, inaenda mtoni. Liu akakaa kwenye matope, akanyoosha mkono kuelekea mlangoni.

"Nyinyi mmeketi hapo mnangoja nini?" Mama Nekesa akapiga kelele. "Mtapata homa! Ingieni ndani!"

Tukaingia. Watoto wakaacha kuimba, wakamtazama yule mtu wa matope aliyekalia kiti chao kidogo, magoti yamefika kidevuni. Mimi sikukaa kwenye kiti. Niliinama nikapitisha kiganja sakafuni, kutoka kizingitini mpaka ukutani, chini ya meza, chini ya kabati, kila kona. Kavu. Yote kavu. Nikaketi palepale chini katikati ya darasa, nikalia kwa sauti mbele ya watoto wa watu, sikuona haya hata kidogo.

Mama Nekesa akanipa taulo moja, akampa Liu lingine. Kisha akasimama juu yetu na ufagio wake, machozi yanamtoka na yeye, akasema, "Haya basi, jifuteni. Mnanilowesha sakafu."